Tamko la Lyamkena Kuhusu Ndugu Wanaotoka Gerezani na Njia za Kuwasaidia Wasirudi

Ndugu wananchi wenzetu wa Makambako na Njombe,
Waheshimiwa viongozi wa mji, wa wilaya na wa mkoa,
Ndugu zetu wa Mahakama, wa Polisi, wa Jeshi la Magereza na wa vyombo vya habari,



Sisi ni wakazi wa Kata ya Lyamkena, katika Halmashauri ya Mji Makambako. Katika umoja wetu wamo wasaidizi wa kisheria, wazazi na wenzi wa watu waliofungwa, viongozi wa dini, na watu waliowahi kutumikia kifungo wakarudi kuishi nasi. Tumekutana, tumejadiliana kwa kirefu, na tumekubaliana kulitoa tamko hili hadharani.

Msimamo wetu ni huu. Mtu anayerudia kosa mara nyingi harudii kwa sababu adhabu ya kwanza haikumuuma. Anarudia kwa sababu kifungo kimemwondolea mazoea ya kujiamulia mambo yake, na sisi tuliobaki nyumbani tumemfungia mlango pale ambapo angeyajenga upya. Kuhusu gereza tuna maombi kwa Serikali na Mahakama. Kuhusu nyumbani hatuna wa kumwomba. Kazi hiyo ni yetu, na kwa miaka mingi haikufanywa.

Tunajua tunasema haya katika mkoa gani. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa kikatili mkoani Njombe, na hofu iliyoingia majumbani wakati ule bado haijatoka. Hatuna neno hata moja la kuupunguza uzito wa unyama ule. Wapo watu ambao jamii inastahili kukingwa nao kwa miaka mingi, na gereza lina kazi hiyo halali. Lakini anayepanda karandinga kwenda gerezani kutoka Makambako mara nyingi ni kijana aliyeiba mbao, au mtu aliyemjeruhi mwenzake kwenye kilabu cha ulanzi, au dereva wa bodaboda aliyekutwa na mzigo asioweza kuueleza. Huyu amefungwa miezi sita, mwaka, miaka mitatu. Huyu atarudi. Siku atakayoshuka stendi ya Makambako tunaweza kuikadiria leo, na hakuna mtu yeyote mtaani anayejiandaa kwa siku hiyo.

Tunawaambia pia wale walioibiwa, waliopigwa na waliodhulumiwa: tamko hili ni lenu kabla ya kuwa la mfungwa. Kila anayerudia kosa anamuumiza mtu mpya. Kumzuia asirudie ni kumlinda mtu ambaye bado hajaumizwa, na huenda mtu huyo anaishi nyumba ya pili kutoka kwako.

Kifungo kinavyomgeuza mtu

Mwaka 1940 Donald Clemmer, aliyekuwa akifanya kazi katika gereza moja la jimbo la Illinois nchini Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mfungwa anavyozoea polepole desturi za gerezani mpaka zikawa zake: namna ya kusema, namna ya kula, nani wa kumwamini, nini cha kuficha. Mwaka 1958 Gresham Sykes, aliyechunguza gereza la Trenton huko New Jersey, alitaja mambo matano ambayo mfungwa hunyimwa: uhuru, mali na huduma, mwenzi wa maisha, uwezo wa kujiamulia, na usalama. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kunyimwa huko kunapiga pale mtu anapojiona yeye ni nani. Mtu mzima aliyekuwa akiamua alime nini, amuoe nani na amkopeshe nani sasa anaomba ruhusa ya kwenda haja.

Wapo wanaopenda kueleza habari za gereza kwa jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 1971, ambapo wanafunzi waligawanywa kuwa wafungwa na askari, na kazi iliyopangwa kwa wiki 2 ikasimamishwa baada ya siku 6. Sisi hatulitegemei. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba waliocheza uaskari walielekezwa namna ya kutenda. Isitoshe, ndani ya umoja wetu wamo watu waliolala selo za kweli, na ushahidi wao unatutosha.

Wanatueleza hivi. Gerezani unaamshwa, unahesabiwa, unapewa kazi, unapewa chakula, unahesabiwa tena, unafungiwa. Afande ana neno lake na nyampara ana lake, na anayetaka kuishi kwa amani anajifunza kuyatii yote mawili hata pale yanapopingana. Unajifunza kutoonyesha huzuni, kwa kuwa huzuni inaonekana kama udhaifu. Unajifunza kutotegemea habari za nyumbani, kwa kuwa zisipokuja zinauma zaidi. Mtu akizidisha kuwaza, wenzake humwambia aache mawazo, naye anaacha kweli: anaacha kuwaza watoto, shamba, mwaka kesho. Akili inajifunga ili iweze kuvumilia. Ndani ya kuta hilo ni jambo la busara kabisa, na ndilo linalomsaidia mtu afike mwisho wa kifungo akiwa na akili timamu.

Tatizo linaanza akifika nyumbani. Familia zetu zinazijua dalili bila kusoma kitabu. Amerudi, anaketi karibu na mlango. Anaulizwa ale nini, anajibu chochote. Anasubiri kuambiwa aende kuoga. Usiku hapati usingizi kwa sababu chumba kimekuwa kikubwa na kimya. Anapewa shilingi elfu kumi aende sokoni, anarudi nayo nzima kwa sababu ameshindwa kuchagua. Mkewe anadhani amemchoka. Watoto, ambao wengine walizaliwa au kukua akiwa ndani, wanamwita baba kwa sababu wameagizwa wamwite hivyo. Siku za mwanzo watu wanakuja kumsalimia, kisha wanaacha. Anayemtafuta bila kuchoka ni yule aliyelala naye selo moja, ambaye hamwonei haya, hamuulizi maswali, na ana mpango wa kazi wa usiku. Kwake yeye ndugu yetu hahitaji kuamua lolote. Anaambiwa saa na mahali.

Wengine wanaumwa, na hatusemi ugonjwa kwa mfano. Mapitio ya mwaka 2012 yaliyokusanya taarifa za wafungwa 33,588 kutoka nchi 24 yalikuta sonona kali kwa mwanaume mmoja kati ya kumi na kwa mwanamke mmoja kati ya saba. Kwetu tunaiona mara nyingi ikifichwa chini ya pombe. Mtu aliyetoka gerezani akashinda kwenye ulanzi na komoni anaitwa mlevi, na hakuna anayemuuliza kama analala usiku.

Wanawake tunawataja peke yao kwa sababu wanasahaulika haraka zaidi. Mwanaume akifungwa, mama yake au mke wake hubeba kikapu akaenda kumwona. Mwanamke akifungwa, mara nyingi mume anaoa mwingine, na watoto wanagawanywa kwa bibi na shangazi. Anapotoka hana nyumba ya kurudi wala watoto wa kumwita mama kwa sauti. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinahusu wafungwa wanawake hasa, na tunaomba kila anayeshughulika na suala hili azisome.

Asiyehukumiwa pia amefungwa

Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa karibu nusu ya watu wote waliomo magerezani nchini. Hawa hawajahukumiwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika kwamba analo. Hata hivyo yote tuliyoyaeleza yanampata, pamoja na jingine ambalo mfungwa hana: hajui tarehe yake ya kutoka. Mfungwa anahesabu miezi na kuipunguza, ila mahabusu anasubiri upelelezi ukamilike. Akiachiwa huru baada ya miaka miwili, mtaa hausemi ameonekana hana hatia. Unasema ametoka jela.

Na baadhi yao hawakustahili kuingia hata kidogo. Makambako ni njia panda. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakutana hapa na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA inapita hapa, na vijana wa wilaya zote za jirani wanakuja kutafuta kibarua cha kupakia na kushusha. Usiku unawakuta stendi kwa sababu hawana pa kulala, na doria ikipita wanachukuliwa kwa uzururaji. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa nchini, jijini Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Kijana anayekamatwa kwa kukosa kitanda anapelekwa kulala na wazoefu. Anatoka amepata walimu.

Hapa elimu ya utafiti inaafikiana na akili ya kawaida. Wanasaikolojia wa Kanada, Donald Andrews na James Bonta, ambao kazi yao ya mwaka 1990 imeongoza magereza ya nchi nyingi, walionyesha kwamba mtu mwenye hatari ndogo ya kurudia kosa akichanganywa na wenye hatari kubwa na kubanwa kama wao, hatari yake inaongezeka. Kumtenga mfungwa wa mara ya kwanza na mzoefu si upendeleo. Kunawalinda wale ambao angekuja kuwaibia.

Kinachomsaidia mtu asirudi

Kuna jambo moja la kitafiti ambalo tungependa kila familia ya Lyamkena ilijue. Mwaka 2011 idara ya magereza ya jimbo la Minnesota nchini Marekani ilifuatilia watu 16,420 walioachiwa kati ya 2003 na 2007. Waliotembelewa walau mara moja wakiwa ndani walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 13 wa kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa, wakilinganishwa na wasiotembelewa kabisa. Kutembelewa tu. Gereza la Njombe halipo mbali nasi, lakini mwenye kifungo kirefu anaweza kuhamishiwa Ruanda mjini Mbeya, au Isanga mjini Dodoma, au Ukonga, na nauli ya kwenda na kurudi ni mfuko wa mbolea. Kanuni ya 59 ya Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015, inataka mtu afungwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana. Tunaomba maneno hayo yapewe uzito kila mara mtu anapohamishwa.

Kuhusu kazi ya kuijenga akili upya, mfano unaotupa nguvu zaidi umetoka Monrovia, Liberia. Watafiti wakiongozwa na Chris Blattman walifanya kazi na wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi wa mitaani, wengi wao wakibeba makovu ya vita. Kundi moja lilipata wiki 8 za mafunzo ya kubadili fikra na tabia. Kundi la pili lilipewa dola 200 bila mafunzo, la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Mafunzo yalikuwa ya mambo madogo sana ukiyasikia: kunyoa na kuvaa safi, kuingia benki na kuuliza swali, kuhesabu pumzi hasira inapopanda, kupanga matumizi ya wiki na kuyafuata, kumsalimia jirani anayekuogopa. Baadhi ya waliofundisha walikuwa wenyewe wamepita katika maisha hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, na yale ya ufuatiliaji wa miaka 10 yaliyotoka 2022, yalionyesha kwamba kwa waliopata mafunzo pamoja na fedha, uhalifu ulishuka kwa takriban nusu na ukabaki chini miaka yote hiyo. Fedha peke yake hazikuleta mabadiliko ya kudumu, na mafunzo peke yake yalififia.

Tumeutafakari mfano huu kwa muda mrefu, kwa sababu unajibu mabishano yetu wenyewe. Wapo miongoni mwetu wanaosema mpeni mtaji, ataacha. Wapo wanaosema mwombeeni na mumshauri, ataacha. Kilichotokea Monrovia ni kwamba mtu alijifunza kuwa mtu mwingine, halafu akapewa kitu cha kuishika hali hiyo mpya kabla haijaponyoka. Shadd Maruna, aliyewahoji watu walioacha uhalifu na wasioacha katika mji wa Liverpool na kuchapisha kazi yake mwaka 2001, alikuta walioacha walikuwa na namna yao ya kusimulia maisha: ndani yangu nilikuwa mwema, nilipotea, sasa nina kitu cha kuwapa wengine. Hadithi ya namna hiyo haisimuliwi bila msikilizaji. Mtaa unaomwita mtu jambazi kila anapopita dukani unamlazimisha aishike ile hadithi nyingine.

Katika Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo mazito, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba inasaidia. Hospitali kubwa ya taifa ya akili, Mirembe, iko Dodoma, mbali na sisi. Bibi tunao hapa hapa.

Mambo ya Lyamkena hasa

Yako yanayomkwamisha mtu ambayo hayamo katika vitabu, nasi tunayaeleza kwa sababu tunayaona.

La kwanza na kubwa ni mali. Katika mkoa huu mtu anaweka akiba yake katika miti. Anapanda paini au milingoti akijua ataivuna baada ya miaka mingi, na shamba hilo ndilo pensheni yake na ada ya watoto. Anafungwa. Mwaka wa pili ndugu wanauza miti, wakati mwingine kwa shida ya kweli ya kumlipa wakili au kumsomesha mtoto, wakati mwingine kwa tamaa tu. Anatoka na kukuta visiki. Kesi nyingi za kujeruhi ambazo wasaidizi wetu wa kisheria wamezisikia baada ya mtu kutoka zimeanzia kwenye visiki hivyo. Aliyefungwa kwa wizi anarudi ndani kwa kumkata ndugu yake panga, na mtaa unasema tuliwaambia. Mashamba ya miti yanahitaji ulinzi tangu siku ya hukumu. Kama kuna sehemu moja ya tamko hili tunayotaka isomwe katika kila mkutano wa mtaa, ni hii.

La pili ni utambulisho. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipokamilishwa Januari 2020, mtu asiye na namba ya NIDA hana laini, asiye na laini hana pesa ya simu, na asiye na pesa ya simu hapati hata kibarua cha siku, kwa sababu tajiri wa mbao hulipa kwa simu. Aliyeingia gerezani kabla ya hapo anatoka akiwa hayupo. Anahitaji barua ya utambulisho ya mtaa kabla ya kitu kingine chochote, na huko ndiko wengi wanakozungushwa: njoo kesho, mwenyekiti hayupo, kwanza tueleze ulifungwa kwa nini.

La tatu ni dawa. Njombe ndio mkoa wenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023. Mtu aliyekuwa akipata ARV gerezani akitoka bila barua ya uhamisho anaanza upya kwenye foleni ya kituo cha afya, na wengine kwa aibu hawaanzi kabisa. Afya ikianguka, kazi inaanguka, na mengine yanafuata.

Juu ya riziki tunasema kwa ufupi. Watu wanapenda kumshauri anayetoka gerezani apande parachichi, kwa kuwa ndilo zao linalosifiwa sasa. Mche wa Hass unaanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu, naye ana wiki tatu za subira. Viazi mviringo vinatoka ndani ya miezi mitatu hadi minne. Aanze na viazi.

Tunachoomba

Tunaiomba Mahakama iutumie zaidi uwezo iliopewa na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomruhusu mwenye kosa la kifungo kisichozidi miaka 3 kufanya kazi za umma akiishi kwake, pamoja na Sheria ya Uangalizi wa Wahalifu. Kifungo cha nje kinamwacha mtu na mke wake, kibarua chake na uwezo wake wa kuamua. Lyamkena ina mitaro ya kuzibuliwa na madarasa ya kupakwa rangi, na tuko tayari kuwasimamia wanaotumikia adhabu hiyo, mchana na mbele ya macho ya watu. Maafisa uangalizi tunawaomba waongezwe na wawezeshwe usafiri, kwani afisa mmoja asiye na hata pikipiki hawezi kumfuatilia mtu wa Makambako na wa Makete siku moja.

Jeshi la Magereza lilitenganishwa na Polisi mwaka 1931, enzi za ukoloni, na sheria yake ya sasa ni ya mwaka 1967. Tunatambua kwamba limebadilika: ufundi wa viatu katika Gereza la Karanga mjini Moshi, kilimo na mifugo katika magereza mengi, ni kazi inayoonekana. Tunaomba ujuzi huo utambuliwe kwa vyeti vya VETA, kwa mfumo ule ule wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na kwenye cheti pasiandikwe neno gereza. Tunaomba pia mtaa upewe taarifa mapema kabla ya mtu kuachiliwa, kwa ridhaa yake. Kanuni ya 107 ya Kanuni za Nelson Mandela inasema maisha ya baada ya kifungo yaanze kufikiriwa tangu siku ya kwanza ya kifungo. Sisi tungeshukuru hata kwa wiki nne.

Taarifa hiyo inahitajika zaidi wakati wa msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba 2019, Rais Magufuli alitangaza mjini Mwanza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tarehe 26 Aprili 2021 Rais Samia aliwasamehe 5,001, wengine wakiachiwa siku ile na wengine wakipunguziwa adhabu. Tunaupokea msamaha kwa shukrani. Lakini mtu aliyeambiwa asubuhi kwamba yuko huru, bila nauli ya uhakika na bila mtu kumtarajia, ni rahisi sana kupotea njiani.

Kuhusu Parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla ya kifungo kuisha, sheria ipo tangu 1994 na wananchi wengi hawaijui. Bodi zikitaka maoni ya jamii kuhusu mtu wetu, tunaomba viongozi wasijibu kwa woga wala kwa fununu, na aliyeumizwa asikilizwe wa kwanza.

Halmashauri ya Mji tunaiomba ihakikishe kwamba mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haimtupi nje mwanakikundi kwa sababu tu aliwahi kufungwa. Na kwa Serikali Kuu: Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman iliwasilisha ripoti yake kwa Rais mwezi Julai 2023. Tunaomba wananchi waambiwe, kwa lugha ya kawaida na kwa mkoa, ni yapi kuhusu magereza yaliyokwisha kutekelezwa.

Tunachokubali kufanya

Mkazi wa Lyamkena akihukumiwa kifungo, wasaidizi wetu wa kisheria watakwenda na familia yake kwa mwenyekiti wa mtaa kuandika orodha ya ardhi, miti na mifugo yake mbele ya mashahidi, na nakala itamfikia yeye gerezani. Mti wake ukiuzwa, na iwe kwa maandishi yake.

Tutachangia nauli ili kila mkazi wetu aliye gerezani atembelewe, na tutaanza na wanawake na wale ambao hakuna ndugu anayekwenda. Mashehe, wachungaji na mapadre walio pamoja nasi wamekubali kugawana zamu bila kujali dini ya mfungwa.

Anayetoka atapokewa na watu wawili, mmoja wao akiwa mtu aliyewahi kufungwa akatulia. Watamsindikiza kutafuta barua ya mtaa, NIDA, laini na kituo cha afya, naye ndiye atakayesema mwenyewe shida yake dirishani. Hatutamsemea, kwa sababu kusema ndiko anakotakiwa kukuzoea upya. Bibi watatu wa kata yetu wamejitolea kumsikiliza kwa faragha, kwa miezi ya mwanzo, na yatakayosemwa kwao hayatapelekwa kwenye mkutano. Mbegu za viazi atakopeshwa na atazirudisha kwa mbegu.

Aliyemuumiza mtoto au mwanamke hatarudishwa karibu na huyo aliyeumizwa bila mwenyewe kuulizwa na kukubali. Akikataa, tutatafuta mahali pengine, na kukataa kwake hakutajadiliwa na yeyote.

Hatutasoma majina ya waliotoka gerezani katika mikutano ya hadhara, na tutamkemea kiongozi atakayefanya hivyo. Wapo watakaotuangusha. Mmoja akirudia kosa tutampeleka Polisi sisi wenyewe, kisha tutaenda kumtembelea, na yule anayetoka wiki inayofuata atapokelewa kama ilivyopangwa.

Limetolewa na wanachama wa umoja wetu, Lyamkena, Makambako, Mkoa wa Njombe.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Njombe, Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mji Makambako, Mkuu wa Gereza, Njombe, Ofisi ya Huduma za Uangalizi, Mahakama ya Mwanzo Makambako, Diwani wa Kata ya Lyamkena, wenyeviti wa mitaa yote ya kata.